Rauta ya Dirishani

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Dada,

Ameingia tena. Yule fundi wa intaneti uliyemtuma aje atufungie rauta, namwona hapa dirishani anaingia kwa fundi cherehani, jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro, na suruali nyingine begani. Eti ipunguzwe. Dada, binadamu ana miguu miwili tu, lakini suruali za huyu haziishi.

Lakini nisikurupuke kama sina adabu. Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji na wapwa zangu? Kile kifua chako kimepoa? Sisi huku wazima. Mguu wa mama umeshuka uvimbe, anafika jikoni mwenyewe na kelele zake zimerudi, kwa hiyo ujue amepona. Mimi bado napaka rangi. Sasa tunamalizia ofisi moja ya ghorofa, kucha zangu zote nyeupe.

Kwa rauta tunashukuru sana. Mama anakuona jioni kwenye simu, na akishakuona anatangaza mtaa mzima kwamba umenenepa.

Sasa nikwambie ilivyofungwa. Shule unajua niliishia njiani, ila macho ninayo. Fundi alifika shati limenyooka, mama akamtolea kikombe cha wageni, kile ambacho mimi nikikigusa tu naulizwa nimeoa lini. Chumba cha mama kiko nyuma, na rauta ni ya mama, nikadhani ataiweka katikati ya nyumba, juu ya kabati, ifike kote. Akazungukazunguka, akachungulia dirishani, akamwona Chiriku. Ndivyo tunavyomwita huyo fundi cherehani, maana akianza kuongea hata cherehani yake inanyamaza. Hapohapo jamaa akasema mahali pazuri ni dirishani. Akatoboa ukuta nilioupaka kwa mkono wangu, wala hakuuliza.

"Huku nyuma kwa mama itafika?" nikauliza. Unanijua, kuuliza hivyo tu nilishalowa jasho.

"Dogo, wewe kazi yako rangi. Mawimbi niachie mimi."

Mama akacheka. Mama, Dada! Akacheka!

Kisha paswedi. Aliipaza dirishani kabla hata mama hajaipata. Chiriku akajibu kule kule, "Nimeingia! Mungu akupe mke mwema!"

"Ameshanipa," jamaa akasema, "tena anajua kushona."

Maneno kama hayo mimi ningehitaji mwaka mzima kuyatunga, na siku ya kuyasema ningeugua; si bure mnaniita Kimya.

Kuanzia hapo akawa haishi kuja "kuangalia mtandao." Na kweli kulikuwa na cha kuangalia, maana kule nyuma picha yako ilikuwa inaganda mdomo wazi, mama analia mwanangu kapatwa na nini. Basi anaitwa fundi. Anakuja, anabonyeza kidogo, halafu anaegemea dirisha langu kupiga soga na ng'ambo mpaka chai inapoa. Ugonjwa kauleta yeye, na daktari ni yeye.

Wewe peke yako ndiwe niliyekwambia habari ya Chiriku, ulipokuja mara ya mwisho. Ukaniambia nimwambie mwenyewe kwanza, akikubali ndipo utalifikisha kwa mama. Dada, bado sijamwambia. Salamu zake zenyewe naziitikia nikiwa nimeinama kama niliyeangusha kitu.

Ila siku ile ya kufunga nilimwangalia jamaa vidole. Kuingia kwenye mitambo yenyewe ya rauta, kule ndani kunakobadilishwa kila kitu, aliandika neno moja mara mbili. Baadaye nikaipindua rauta, nikaliona neno lenyewe limebandikwa chini, lile la kiwandani. Hakulibadilisha. Ni sawa na kufunga mlango kisha ufunguo ukauacha kwenye kitasa, na paswedi ya waifai mtaa mzima umeisikia dirishani.

Alhamisi nikachelewa kazini makusudi. Nikaingia kwa simu yangu, nikasoma herufi kwa herufi vile ulivyonifundisha. Nikabadilisha neno la kuingilia kwenye mitambo, kisha paswedi ya waifai. Rauta nikaing'oa dirishani, waya nikaupitisha juu ya mlango, nikaiweka juu ya kabati. Jioni mama akakuona ukiwa mzima hadi kitandani kwake.

"Nani kaitengeneza?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

Yaani hata nilipotengeneza sikuaminiwa. Na sitakudanganya, Dada, sikuwa natafuta usalama. Wivu ndio uliokuwa unabonyeza. Nilitaka tu asiwe na sababu ya kuja.

Sasa sikiliza nilivyojikaanga. Paswedi ilitaka herufi zisipungue nane. Neno lililonijia lilikuwa moja tu, chirikuwangu, na nikaliandika kabla aibu haijaamka. Kwenye simu ya mama nikaliingiza mwenyewe, hakuliona. Nikajiona mjanja.

Nilisahau kwamba nikimfungia jamaa, na Chiriku nimemfungia. Wateja wanamtumia picha za mishono, zote zimekwama. Ijumaa akaniuliza, "Kimya, mmenifungia mlango?" Nikasema nitaangalia. Jana akaniuliza tena, nikasema bado naangalia. "Unaangalia nini, mbona unatazama ukuta?" akasema, akacheka. Anapocheka hivyo mimi ndio naisha kabisa.

Na jamaa hajakata mguu, amebadilisha tu sababu. Ndizo hizo suruali. Dakika hii nimemsikia wazi, kichochoro chenyewe ni cha hatua chache, "Achana na yao. Kesho nakufungia ya kwako, bure. Ikisumbua unaniita mimi, hata usiku."

Hata usiku! Ikifungwa hiyo, Dada, mimi nimebaki na brashi zangu.

Chiriku amemjibu, "Cha bure kina mwenyewe. Ngoja nimuulize Kimya kwanza."

Kimya kwanza. Nimeyasikia kwa masikio yangu mawili. Amechukua simu yake, anavuka. Jamaa amebaki kwenye kigoda, suruali mapajani, anatazama huku.

Nimeshika simu niibadilishe paswedi haraka, niweke majina ya rangi au chochote. Simu nikaiweka chini. Nikiibadilisha leo, nitaibadilisha kila siku mpaka nizeeke.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu, mkubwa mwambie asome, asifanye kama mjomba wake. Mama anakubusu na anasema ule vizuri, japo umenenepa. Mungu akutunze wewe na wote walio chini ya dari yako.

Anagonga. "Kimya! Nitajie basi paswedi, herufi kwa herufi!" Mama naye anapiga kelele kutoka jikoni kwamba yeye haijui, nitoke nikamtajie mwenyewe. Acha niende, Dada, kabla miguu haijabadilisha mawazo.

Mdogo wako, akupendaye hata asiposema,

Kimya