Mlango wa Bwana Zakayo

Nakuru, Jumapili baada ya kanisa

Kwako mke wangu Roda, mama Finasi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi na vumbi. Hujambo? Mtoto hajambo? Kile kikohozi chake kimekwisha, au bado mnamnywesha yale majani machungu ya mama yako? Mimi ni mzima, ila ugali ninaojipikia hata paka wa jirani ameukataa.

Najua unangoja neno moja tu: ng'ombe. Tangu baba yako alipokuita nyumbani ukajifungue, halafu akasema hurudi Nakuru mpaka ng'ombe wa mwisho wa mahari afike bomani kwake, chumba hiki kimekuwa kikubwa mno. Nina hamu nawe, Roda, na hapo sitanii.

Nilikuambia nimepata kazi ya useremala kule Bahati, kwa Bwana Zakayo anayejenga duka. Mbao za mwerezi alinunua yeye, kazi nikafanya mimi: rafu, kaunta, madirisha. Malipo yake ndiyo yangekuwa ng'ombe wa baba yako. Lakini kila nikidai, ananijibu, "Ngoja duka ianze kuuza." Nikaona nitangoja hadi Finasi aote ndevu. Kazi iliyobaki ilikuwa mlango. Nikautengeneza, nikaupiga msasa ukateleza, kisha badala ya kuufunga kwenye bawaba, nikaupakia kwenye mkokoteni nikaja nao mjini.

Kesho yake Zakayo huyu hapa, anatokwa na mapovu.

"Wewe mwizi! Hiyo mbao ni yangu, nilinunua mimi!"

"Mbao ni yako," nikamwambia, "lakini jasho iko ndani ni yangu. Lipa jasho, uchukue mbao."

Tukapelekana kwa Mzee Yona, mkubwa wa mafundi wa mtaa wetu. Akaupapasa mlango, akauliza ni nani aliyeupiga randa, akasema, "Fundi ana haki kushika kitu amefanyia kazi mpaka alipwe. Lakini Eliya, kushika si kula. Usiuze, usitumie. Chunga kama mtoto ya mwenyewe." Halafu akainama, akaunusa. Roda, nilitamani ardhi ipasuke! Nilikuwa nimeugeuza meza, na mchuzi wa omena ulikuwa bado unanukia. Nikausugua mbele yao wote.

Zakayo akaondoka akiapa kufungua duka hivyo hivyo. Akahamia humo humo nyuma ya kaunta, akatundika gunia mahali pa mlango, na hapo ndipo alipokosea. Unawajua watu wetu: pasipo mlango, hodi utabisha wapi? Wakaingia akila, wakaingia akivaa suruali. Wakakalia magunia ya chumvi wakapiga soga mpaka chai yake ikaisha. Waliotaka sabuni ya mkopo hakuweza kuwaambia duka limefungwa, na kila mmoja alimwahidi, "Nitalipa nikiuza mahindi." Wimbo huo aliujua vizuri, ni wake mwenyewe!

Ijumaa akaja, sauti imeshuka. "Fundi, kuja ufunge hiyo kitu. Nikiomba Mungu ndani ya nyumba, watu wananiitikia amina kutoka kwa kaunta." Akanilipa yote. Nilimhurumia, nikamwongezea komeo bila malipo.

Nilipokuwa nakaza bawaba nikaanza kucheka peke yangu, maana nilimkumbuka baba yako. Nimemnung'unikia mzee kwa miezi, kumbe amefanya kama nilivyofanya mimi: ameshika mpaka alipwe. Tena yeye amewalisha wewe na mtoto na kuwatunza vizuri, hakuna mtu aliyepata kunusa mchuzi kwake. Sasa sina kinyongo naye hata kidogo.

Kaka yangu Yoshua, aliyekuletea barua hii, amebeba pesa. Siku ya soko atanunua ng'ombe mwenye maziwa, si yule mkondefu wa mara ya kwanza ambaye shangazi yako bado anamtaja kila msiba.

Nisalimie mama mkwe, dada yako mwalimu, na babu, naye umsalimie kwa sauti kubwa. Baba umwambie, kwa heshima zote za mkwe, kwamba deni limekwisha na naomba nikabidhiwe kilicho changu. La, usimwambie hivyo, ataniwekea bakora. Na wewe si mlango. Ule niliushika kwa ajili ya pesa, lakini pesa yenyewe niliitafuta kwa ajili yako.

Ng'ombe akiingia bomani, panda treni. Nitakuwa stesheni.

Mumeo,
Eliya fundi