Swichi Moja ya Kipima Chembe

Pasadena, California
Jumanne, 5 Machi, 2019

Mpendwa Mjomba Verlin,

Shikamoo, mjomba. Natumai barua hii inakukuta umeamka salama na goti limepunguza kukusumbua. Binamu Darlene ameniambia theluji ya Iowa bado haijawaachia, na kwamba umegoma kula supu ya hapo makaoni. Kula, mjomba, usiwatese wauguzi. Mimi mwili haujambo, ila roho haijatulia.

Barua yako niliipata Ijumaa. Niliisoma nimesimama jikoni, koti sijavua. Unaniomba nikiokoe kipima chembe chako, maana umesikia kinataka kuzimwa. Umesikia kweli.

Unajua mambo yetu. Kila mwanzo wa mwaka tunakaa kugawa umeme uliobaki kule kwenye chombo chetu cha angani, na kila mwaka umepungua tena. Plutoni mliyoipakia ya kuzalisha umeme inazidi kupoa. Jua lenyewe huko ni nukta tu, na hakuna wa kwenda kuongeza kuni. Kamera tulizizima zamani, hita nazo karibu zote. Vimebaki vipimo viwili, chako na cha sumaku, na umeme unatosha kimoja.

Ulilolitaka, kwamba tuzime hita peke yake na kipima kijikaze na baridi, nililipeleka kikaoni siku hiyohiyo. Nilisema kwa kujidai, mpwa wa Verlin Oldenkamp. Ruben, mkuu wetu, akaniangalia kwa huruma.

"Marlys, we hujui? Hita na kipima viko kwenye swichi moja. Mjomba wako ndiye aliyetaka hivyo."

Nikamwambia aache kumsingizia mzee wa watu.

"Simsingizii, dada. Alipunguza nyaya na swichi ili apate uzito wa kuweka kipima kikubwa zaidi. Safari ilikuwa ya miaka minne. Nani angewaza kwamba kitafika uzee?"

Umesahau, mjomba, wala sikulaumu. Uzito wa kupakia chomboni ulikuwa wa kugombaniwa, na kipima kile kikubwa ndicho kilichotupa yote tunayojivunia. Lakini nimekasirika na sina wa kumkasirikia. Nimezunguka na michoro ya umeme wikiendi nzima nikitafuta upenyo, mpaka mume wangu akaniambia nilale kwanza. Hakuna upenyo. Nilijifungia bafuni nikalia.

Amri ya kukizima imeondoka leo asubuhi. Niliomba niitume mimi, maana sikutaka ipite mikononi mwa mtu asiyekujua. Ruben alisimama nyuma yangu.

Kule ni mbali, hata amri inayokwenda kwa mwendo wa mwanga inahitaji karibu siku nzima kufika. Kwa hiyo sasa hivi, ninapokuandikia, kipima chako bado kinahesabu chembe kama kawaida yake. Nami siwezi kuiita amri irudi. Utakapoisoma barua hii kitakuwa kimenyamaza, na mkono uliokizima ni wangu.

Nisalimie Darlene, Kirk na LaVonne mdogo. Ukitaka kunipigia, piga saa yoyote, hata kama ni kunigombeza. Mungu akuweke, mjomba wangu, na akupe usingizi mwema.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye siku zote,
Marlys