Jani Haliingii Kwenye Simu

Majengo, Moshi
Jumamosi, 27 Novemba 2004

Dada Matilda mpendwa,

Barua hii naiandika bila bahasha. Yale maneno yaliyokuumiza niliyaandika kwa siri, nimekaa kwenye cherehani yangu, kidole gumba kimoja tu kikifanya kazi. Haya nataka yasomwe na yeyote, na wiki ijayo nitayasoma mwenyewe mbele ya jumuiya yetu.

Leo nimefunika cherehani mapema. Mama yuko barazani anachambua maharage, na ameshaniuliza mara mbili kama nimepiga pasi gauni la kesho. Kesho napanda mlimani Uru, nyumbani kwako, kwa binti yako Felista. Kabla sijafika huko nataka tukumbuke pamoja, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinisahihisha nikisimulia vibaya.

Unaikumbuka redio ya Baba? Betri zikichoka alizianika kwenye kichanja, katikati ya kahawa, zipate nguvu ya jua. Wewe ukipita kugeuza kahawa ulizigeuza na zile betri, upande huu na upande ule, mpaka Baba akakuuliza, "Matilda, na hizo zinaota ukungu?" Saa ya matangazo ya vifo tulinyamaza wote. Likitajwa jina la mtu wa huku kwetu, Baba alivaa koti lake la kahawia akaondoka, hata kama mvua ilikuwa inanyesha. Redio ilimletea habari, lakini pole aliipeleka yeye kwa miguu.

Halafu vitu vikaanza kujaa madukani, ukanunua redio kaseti. Siku ile ulimrekodi Mama bila yeye kujua, akimgombeza mbuzi aliyekula miche ya maharage. Ulipomfungulia asikilize, alitega sikio, akasikitika. "Huyo mwanamke mkali hivyo ni wa kwa nani? Watoto wake wana kazi!" Tulicheka mpaka ukakaa chini. Kaseti hiyo ninayo. Sijaruhusu mtu arekodi kitu kingine juu yake.

Simu yako ya kwanza nilikuletea mimi, ya mkono wa pili, kioo kimepasuka pembeni. Ulipinga. "Niongee na nani? Ninaotaka kuongea nao nawaona." Lakini baada ya wiki moja ulikuwa umeshagundua kwamba mtandao unapatikana dirishani tu, ukapigilia msumari na kuning'iniza kopo la sukari, simu ikakaa humo kama yai. Meseji yako ya kwanza kwangu ilikuja yote kwa herufi kubwa: YOSEFINA MGOMBA WA MAMA UMEZAA NJOO NA GUNIA. Nilimsomea kila mteja aliyeingia siku ile.

Na tulikuwa na bipu yetu. Nikitoka kwako nikifika Majengo nabipu mara moja: nimefika salama. Ukishuka sokoni ukirudi, unabipu mara moja: nimefika, Mungu akulinde. Haikutugharimu kitu. Nililala vizuri kwa sababu ya mlio ule mmoja.

Kwa hiyo siwezi kusimama leo nikailaani simu. Siku Mama alipoanguka jikoni ni wewe uliyenipigia. Maneno yako yalikuwa machache: "Mama kaanguka. Tafuta gari. Usiulize kitu." Gari likapanda, likashuka naye, na daktari akatuambia tungechelewa kidogo asingeongea tena. Mama anaongea. Hivi ninavyoandika anagombana na maharage. Anaishi kwa sababu ya simu ile iliyokaa kwenye kopo, na kwa sababu yako.

Ndiyo maana nililofanya baada ya hapo linanichoma zaidi.

Siku Mama aliporuhusiwa, wewe ulikuwa umeshafagia nyumba yake, umemkatia ng'ombe wake majani, umepika mtori wa ndizi, umekaa unasubiri. Mimi nikamleta huku Majengo, karibu na hospitali. Nilikuwa na sababu. Lakini sikupanda kuja kukuambia, wala sikukupigia. Niliandika: Mama atakaa kwangu, usisubiri. Nikarudi kwenye sare za shule nilizokuwa nashona.

Ukajibu: MTORI NIMEPIKA NAAMBIWA NA SIMU. MAMA SI KITAMBAA UKATE PEKE YAKO.

Hapo ningenyamaza. Ungekuwa umesimama mbele yangu, ningeona kanga yako ina majivu ya jikoni, ningenyamaza. Lakini sikuona majivu. Niliona herufi tu. Nikakuandikia kwamba humtaki Mama, unataka kihamba chake, shamba la migomba aliloachiwa na Baba. Nikabonyeza, na ikaondoka.

Dada, tumegombana tangu utoto. Uliwahi kuniita mvivu mbele ya wachumba, nami niliwahi kukuambia pua yako imechukua nafasi ya watu wawili. Maneno yale yaliondoka na upepo, na kesho yake tulichota maji pamoja. Neno hili halikuondoka. Shemeji aliniambia ulikuwa unalitoa kwenye kopo, unalisoma, unalirudisha. Kila ulipolisoma nilikuwa nakutukana upya, nami wakati huo labda nilikuwa napima mtu kiuno, ninacheka.

Baada ya wiki mbili nikakuandikia: Dada nisamehe nimekosa. Unajua kwetu mtu akikosa anafanya nini. Anakata jani la sale, analifunga fundo, analipeleka kwa aliyemkosea, na aliyeletewa sale hakatai. Bibi alituonyesha fundo lile tukiwa wadogo. Mimi, mtoto wa kihamba kilichozungukwa na masale pande zote, nikatuma meseji.

Jibu lako nimelikariri. JANI HALIINGII KWENYE SIMU. NJOO.

Hukusema hutaki. Ulisema njoo. Nami nikasema Jumamosi, halafu Jumamosi nyingine, kwa sababu sare zilikuwa nyingi, na kwa sababu niliona aibu. Ijumaa moja jioni simu ikalia mara moja ikakata. Ni wewe. Bipu moja. Nikatabasamu, nikasema moyoni, kesho napanda. Kesho yake asubuhi presha ikakuangusha kwenye kahawa. Gari lilikuja upesi, kwa simu hiyo hiyo, lakini hukufika hospitali.

Watu wananifariji kwamba bipu ile ilikuwa msamaha. Inawezekana. Lakini sitajisamehe mwenyewe kwa mlio wa simu, halafu nikae. Siku ya mazishi nilikuwa na jani la sale ndani ya kitenge. Nilisimama nalo pembeni ya kaburi, wakafukia, nikarudi nalo. Sikujua nimpe nani.

Sasa najua. Siku ile, watu walipoanza kuondoka, Felista alinijia nikiwa naosha sahani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Simu ya mama nimebaki nayo mimi." Akachukua sahani niliyokwisha kuosha, akaifuta. "Na vilivyomo."

Akaondoka na sahani. Ana miaka kumi na tisa na ana mdomo wako, ule unaofunga kabla haujasema kibaya. Wiki hii ameniletea meseji kuhusu misa ya kesho ya kukuombea: Mama mdogo usijisumbue kupanda. Tuma tu meseji, si unajua kuandika.

Nilimsomea Mama. Nilidhani atasema mtoto hana adabu. Alitikisa kichwa. "Ameandika kweli. Mjibu kwa miguu." Kisha akaniambia sale nisikate hapa mjini. Nikakate kwetu, kwenye mpaka wa juu, pale ulipopanda wewe mwaka ule Baba alipofariki.

Nitafanya hivyo. Kesho nitapanda na gari la kwanza, nitashuka njia panda, nitapita kwa Mama nikate jani, nilifunge fundo. Nitaingia kwako kabla watu hawajaenda kanisani. Simu nitaibeba, maana Mama anabaki peke yake na akijisikia vibaya lazima anipate. Itakaa chini kapuni, chini ya sukari na majani ya chai. Jani litakaa mkononi.

Wateja wananiuliza, fundi, hizi simu ni baraka au balaa? Nawajibu kwamba ya kwangu ilimuokoa mama yangu na ikabeba tusi langu kwa dada yangu, ikafikisha vyote viwili bila kuchelewa. Kuanzia sasa nitaitumia kuita gari, kuuliza hali, kubipu nimefika. Kuomba radhi hapana. Kumwambia mtu jambo la mama yake, hapana. Kwa hayo nina miguu, na nauli ya Uru naiweza.

Sitamwomba Felista aufute ujumbe ule. Simu ni yake, na kilichoandikwa kiliandikwa. Nitampa jani mbele ya baba yake, nitasema kosa langu kwa sauti, lile neno lenyewe, bila kulipunguza. Kama vijana wa siku hizi hawajui kwamba sale halikataliwi, nitakaa pale kwenye kichanja cha kahawa mpaka aniambie nenda au karibu. Kahawa yako bado inaendelea kuiva, nasikia wachumaji ni wachache. Nimeweka gauni la kuchumia kapuni.

Nikitoka kwa Felista nitakuja pale ulipo, nyuma ya nyumba, nikuambie alivyosema. Jioni nikirudi Majengo nitabipu mara moja kwenye namba yako. Atakayeona ni yeye, lakini nimezoea.

Dada, ulikuwa ukisali unatutaja wote kwa majina, kuanzia Mama. Huko uliko, ukifika kwangu usiniruke. Nikumbuke.

Mimi mdogo wako,
Yosefina