Uzi Ukivurugika Chini

Wajina wangu Njeri,

Hujambo huko ugenini? Huku Dagoretti tuko salama. Mamako alinisomea barua pepe yako pale saiba, kwenye duka la intaneti, akacheka, akalia kidogo.

Unauliza vipi mkono wangu ulegee, halafu saratani ipatikane kwenye mapafu. Hata mimi nilibisha. Sikuwa nakohoa. Mkasi tu ulikuwa ukiniponyoka, na kanisani wote walisema ni presha. Daktari alipotaka picha ya kifua nikamwambia, "Mgonjwa ni mkono!"

Kisha nikakumbuka usichana wangu, nikijifunza ushonaji mjini. Uzi ulikuwa ukivurugika chini ya kitambaa, nami nikashinda nikifungua cherehani huko chini. Fundi wangu akasema, "Njeri, uzi ukivurugika chini, tazama juu." Kweli, nilikuwa nimeupitisha vibaya kule juu.

Basi nikavua blauzi, nikapigwa picha. Kumbe uvimbe ulikuwa juu ya pafu, ukibana mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi.

Matibabu nimeanza, na siachi. Mkasi sasa naushika kwa mkono wa kushoto. Gauni lako la harusi usimpe fundi mwingine, nimeshaanza kulikata. Mkato wa kwanza ulipinda. Wa pili umenyooka.

Shosho, nyanya yako,
Njeri mkubwa