Picha ya Mama Imekwama Ndani

Jumatano jioni, Masii

Bado inakataa. Naandika nywila, skrini inakuwa nyeusi, halafu inanirudisha palepale, inaniomba nywila tena. Imekuwa hivyo tangu stima ipotee jana wakati kompyuta ilikuwa inasasisha Linux, mfumo unaoiendesha.

Tunamzika mama Ijumaa, na picha yake nzuri, ile anacheka akichagua maharagwe, iko humu tu. Anayechapisha vijitabu vya programu ya mazishi anaitaka kesho asubuhi.

Nilimpigia kaka yangu Mutua, aliye Mombasa, kwa sababu ndiye aliyeniwekea hii Linux. Akaniambia nibonyeze Control, Alt na F3. Ukatokea ukurasa mweusi wa maandishi matupu. Nikaandika alichonitajia, herufi kwa herufi, na majina ya picha zote yakatokea.

"Si unaona ziko?" akasema. "Hazijapotea."

Naona majina, Mutua. Majina tu.

Tukajaribu kuihamishia kwenye flashi, ikakataa. Tukajaribu kurudisha skrini ya kawaida, ikakataa. Mwishowe nikasikia analia. "Dada, hapo sasa hata mimi sijui."

Mimi ni nani basi nijue?

Baba akaleta kiti, akaketi kando yangu. "Umempata mama yenu?"

"Yuko hapa, baba." Nikamwonyesha lile jina kwa kidole, maana sikuwa na kingine cha kumwonyesha.

Akavaa miwani, akainama karibu na skrini. Naandika haya na bado ameinama pale, anayatazama yale maandishi.