Asante Tangulizi

Malangali, Sumbawanga
Katikati ya Julai

Kwako ndugu yangu Bundala, huko bondeni,

Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiwa umesimama najua tayari unawaza kuhamisha ng'ombe. Goti lako je? Mama watoto hajambo? Na yule ndama wa madoa uliyekataa kuniuzia, bado anaishi au aibu imemuua? Mimi huku ni mzima kabisa. Baridi ya mwezi huu imekuja na upepo wake wa kuchuna ngozi. Asubuhi ukitema mate yanafika chini yakiwa changarawe. Usicheke, nimeyaokota mwenyewe.

Barua hii anakuletea Timoth, dereva wa lori la mahindi. Simu yako nimeipiga mpaka yule dada anayesema haipatikani tumezoeana. Halafu jambo lenyewe si la simu. Misa ya mwaka ya marehemu mke wangu Hilaria ni Jumamosi ya mwisho ya Agosti, hapa kigangoni kwetu, na chakula ni nyumbani. Nataka uwepo. Najua njia ya kupanda huku ni mlima mtupu, na ng'ombe hawana likizo, lakini soma mpaka mwisho ndipo ukatae.

Nianze na habari ya kifahari. Sharon, mtoto wa dada yangu, yule niliyemlea hapa nyumbani mpaka akaenda chuo cha hoteli, sasa anafanya kazi kwenye meli ya kitalii huko Ulaya. Si meli za kubeba mizigo hizi. Hii mtu anapanda bila kuwa na anakokwenda. Anazungushwa baharini, anakula, analala, anapigiwa muziki, halafu anarudishwa palepale alipopandia na anashukuru. Na ukubwa wake sasa. Ukianza kutembea mbele na kibuyu cha maziwa mabichi, ukifika nyuma una mtindi. Watu wa hapa wakaniuliza nani anaendesha kitu kama hicho, nikawaambia nahodha yupo, ila akiumwa tumbo humwita Sharon. Hapo niliongeza kidogo. Kazi yake ni kutandika vitanda na kusafisha vyumba vya wageni. Lakini anajua. Taulo analikunja linakuwa tembo mwenye mkonga na masikio, na hilo sijaongeza, picha ninayo.

Mwezi wa tano alinipigia tukaongea mpaka chaji ikaniishia. Nikamuuliza, kama mjomba wa mtu anavyopaswa kuuliza, hao matajiri wanamwachia chochote. Akasema tipu ipo, ila hawaitoi mkononi. Mgeni akikata tiketi analipa hapohapo na asante ya wahudumu, kabla hajaiona meli, kabla hajamjua atakayemtandikia kitanda. Kampuni inakusanya, kisha inawagawia. Nikamwambia hiyo ni sawa na kumshukuru kuku kwa yai la mwakani. Akacheka. Akasema, ni nzuri mjomba, kwa sababu hata anayesugua masufuria huko chini, ambaye hakuna mgeni atakayemwona, naye anapata. Wala huhitaji kusubiri mtu ameamka na moyo gani.

Halafu akaniambia kwamba kwake kigumu ni siku ya mwisho ya safari. Siku hiyo wageni wanaburuta mabegi, wanampita kwenye ujia wa vyumba kama unavyopitwa mlango. Si watu wabaya. Wanaona asante yao walishaitoa, sasa neno la nini tena. Ila safari moja kuna mzee alikuwa ameshashuka, akapanda tena ngazi zote na fimbo yake, akamtafuta mpaka akampata chumbani anavua mashuka. Akamwambia asante, Sharon. Akashuka. Kule kilabuni kwa Dominika nilisimulia kwamba yule mzee alimpa saa ya dhahabu. Wewe nakwambia kweli: hakumpa kitu. Na Sharon alipokuwa ananisimulia, sauti ilimkwama, mtoto ambaye hakulia hata siku aliyong'olewa jino.

Sasa tazama akili yangu. Katika maneno yote hayo nilichukua lile la kulipa mbele, la mzee nikaliacha simuni. Unajua nilitoka shule darasa la tano kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha. Basi nikaenda kilabuni, nikaagiza, nikasimama, nikawaambia kwamba watu wenye meli hawashukuru mwishoni kama sisi washamba. Wanatanguliza. Jambo hilo nikalibatiza jina, asante tangulizi. Vijana wakalipenda. Mpaka leo nikipita njia ya Izia wananiita Anko Tangulizi.

Ukafika wakati wa kuvuna ulezi. Utaratibu wetu unaujua, umevuna nasi misimu mingi ulipokuwa jirani. Watu wanakuja asubuhi na visu, wanakata, jua likiegemea wanarudi uani kwangu, pombe inatolewa, wanakaa. Na kabla kata haijaanza kuzunguka, Hilaria anasimama pale karibu na mlango wa jiko. Mimi nilikuwa mtu wa hadithi, yeye alikuwa mtu wa asante. Anawaita mmoja mmoja, kwa jina na kwa alichofanya. Kalisti, umekata ile kona ya mawe ambayo wenzako wote waliikwepa. Bundala, umekata vibaya lakini umechekesha watu, asante. Mtu akitajwa anatazama chini kama bibi harusi. Ndipo tunakunywa, na mimi nachukua zamu yangu, na hakuna anayeondoka mpaka uongo wangu uishe.

Mwaka huu nikamwagiza Dominika pombe ya kimpumu ya watu wote, nikawaalika waje kuinywa siku moja kabla ya kuvuna. Dominika akaniuliza ulezi umeshakatwa. Nikamwambia umesimama shambani kama jeshi. Akaniuliza kama nina homa. Kalisti naye, huku tayari ameshika kata, akataka kujua kama tukinywa leo, kesho anatudai nani. Nikamwambia hakuna anayemdai mtu, hiyo ndiyo asante tangulizi, kunyweni, kesho mje na mioyo safi. Wakanywa. Walicheka sana, wakasema Malangali sasa ni Ulaya, imebaki kuletewa bahari tu.

Kesho yake walikuja wote, Bundala. Nisiwasingizie. Walikuja mapema kuliko mwaka mwingine wowote, wakakata kwa bidii, hata ile kona ya mawe, na jua halijaegemea tayari tumemaliza. Mimi nilikuwa nimeazima mabenchi ya kigango nikayapanga uani, nikachemsha sufuria la viazi, na hadithi nilikuwa nayo mpya, ya nahodha na tumbo lake. Wakanawa mikono. Wakafuta visu kwenye nyasi. Nikawaambia karibuni mkae. Kalisti akafunga kisu chake kwenye kiroba, akanipa mkono kwa uso mzuri tu, akasema, tusikuchoshe, Anko, si tumeshamalizana.

Akaenda. Na wengine nyuma yake, kila mmoja na mkono wake wa kwaheri.

Tumeshamalizana. Neno hilo mimi nalijua kwenye mnada wa mbuzi. Mtu amekuuzia, umempa chake, mmemalizana, yeye anashika njia hii na wewe ile. Sikuwa najua kwamba linaweza kusemwa kwa mtu uani kwake, na mabenchi yamepangwa. Na hawakukosea. Ni mimi niliyewafundisha.

Nikakaa kwenye benchi moja. Baadaye nikahamia lingine, kuona kama lile lina nafuu. Viazi vikapoa. Nilikula viwili, vingine nikawapa kuku. Kesho yake nilipoyarudisha mabenchi, katekista akaniuliza kama yalitosha, nikamwambia watu walikuwa wengi hivi kwamba wengine walikaa chini. Sharon alipopiga nikamwambia hivyohivyo. Akasema amefurahi sana, mjomba, alikuwa na wasiwasi nitakuwa peke yangu.

Sasa nikwambie lile ambalo hata yeye sijamwambia. Habari ya meli ilikuwa kisingizio. Kutanguliza pombe sikufanya kwa Uzungu, wala kwa ujanja. Niliogopa ile jioni. Niliona mbele yangu pombe imetolewa, watu wamekaa kimya, wote wanatazama pale karibu na mlango wa jiko, na pale hakuna mtu. Lazima mtu asimame, na huyo mtu ni mimi. Na mimi, ambaye ukiniachia naongea mpaka pombe inachacha, kwa jambo hilo sina hata neno moja. Siku ya mazishi neno la shukrani alilisema katekista, kwa sababu nilidai vumbi limenikaba koo. Halikuwa vumbi. Tangu Hilaria afe sijamwambia mtu asante na sauti ikafika mwisho wake. Nikaona nikilipa mbele, jioni haitanidai kitu. Kweli haikunidai. Ilinipita tu, kama wale wageni wa Sharon.

Na tangu siku hiyo nyumba imekuwa kubwa. Jioni natoka naenda mpaka lilipokuwa zizi lako, limeota magugu, nasimama pale kama bwana mifugo anayekagua. Watu wakinikuta nawaambia nataka kulinunua eneo.

Kwa hiyo umeona ilipo shida. Misa ikiisha, watu wakishakula, mwenye nyumba anasimama kuwashukuru waliomzika mkewe. Hapo hakuna wa kumtuma. Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Nilimwendea katekista nikamwomba anisomee shukrani mapema, kabla ya misa, mlangoni kabisa, watu wakiwa wanaingia, ili baadaye tule tu kwa amani. Habari ikamfikia Coleta, mdogo wake Hilaria. Akaja na kitenge chake kimefungwa kiunoni, nikajua hakuja kunywa chai. Akaniambia, shemeji, ukishawashukuru mlangoni wataingia ndani kufanya nini? Dada yangu alizikwa na watu, hakuzikwa na kampuni. Akasema asante ya Hilaria itatoka kinywani mwangu mimi mumewe, baada ya chakula, hata nikilia, hata nikitaja watatu tu, la sivyo wao upande wao hawaji. Chai kweli hakunywa.

Nimekubali. Asubuhi kabla jirani hajaamka nasimama uani nafanya mazoezi, nawataja. Wa kwanza ni Coleta mwenyewe, aliyemwosha dada yake na kumvalisha, na huyo namaliza, ingawa kwa shida. Wa pili ni wewe. Hapo ndipo sauti inakatika kama redio iliyoishiwa betri, na wa tatu sijawahi kumfikia. Basi nimeona la kwako nilitoe hapa, maana kalamu haina koo.

Asante, Bundala, kwa kaburi la Hilaria. Ardhi ya Agosti ilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia, vijana wakaweka majembe chini wakasubiri sururu, wewe ukaendelea na jembe mpaka mpini ukakuvunjikia mkononi. Asante kwa kukaa nami baada ya matanga kuanuliwa, wenzako wakiwa wameshakwenda makwao, ukakaa tu pale nje unachonga fimbo, wala hukuniambia nijikaze. Ng'ombe wako walikosa malisho mazuri siku hizo kwa ajili yangu, na hukulisema. Ukahama nikakuaga kwa utani. Nilikuambia ukapunguze harufu ya maziwa mtaani. Nilitaka kukwambia haya.

Siku hiyo sitaki uje kunisemea. Kaa benchi la mbele. Nikikwama, wewe nicheke, kwa sauti, kama ulivyokuwa unanicheka kilabuni mbele ya watu. Nitakasirika, na unanijua, nikikasirika naongea vizuri sana.

Watu wenye elimu wakiomba jambo kwa barua huandika mwishoni kwamba wanatanguliza shukrani. Mimi kwa hili sitangulizi kitu. Njoo kwanza. Ukishakula na kukaa, nitasimama, nitakutaja.

Timoth anarudi huku baada ya kupakua, mpe jibu hata la mdomo, ila usimpe mbele ya watu maana anapenda kuongeza chumvi kuliko mimi. Msalimie mama watoto, mwambie kitanda kile cha wageni bado kipo na sijakiuza. Wasalimie watoto. Huyo ndama wa madoa msalimie pia, hana kosa.

Kalisti ameniona naandika hapa nje, ameuliza namwandikia nani, na nimemwambia ni wewe. Anasema ukija uje na siagi. Kisha amekaa, sijui anataka nini, amekaa tu. Naona niishie hapa nimwekee maji ya chai.

Ni mimi ndugu yako,
Nestory
Malangali