Matunda Chini, Chenga Juu

Kibaoni, Ifakara
8 Januari 2024

Kwa mwanangu Nassib,

Najua ungekuwa mbele yangu ungewahi kunipa shikamoo kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo naipokea hukohuko uliko: marahaba, baba. Hujambo? Mama yako anaendeleaje na lile goti? Nasikia huko Kidatu bado wanavuna miwa, basi bila shaka kazi ya kantini inawaamsha alfajiri. Sisi huku tuko salama. Mvua ni nyingi, njia ya Namawala imekatika mara mbili, lakini mpunga umesimama vizuri na malaria mwaka huu haijanigusa.

Namba yako ninayo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungeniambia "hamna shida, mama" kabla sijafika mwisho, na mimi ningefurahi kuishia hapo. Barua nimempa Obadia, jirani yetu anayeleta mchele huko kwa lori. Nimemwomba akupe wewe mwenyewe mkononi.

Nianze na habari za jikoni.

Utakumbuka ulimwandikia binti yangu Aneth namna ya kupika krambo, kile chakula chenu cha matunda cha kuoka. Uliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la nyimbo za kwaya, kwa mwandiko mkubwa, mistari mitatu: Matunda chini. Chenga juu. Moto mdogo. Nadhani ulifupisha kwa kuwa alikwisha kukuona ukipika. Hukujua kwamba siku moja nitasoma mimi.

Mwaka jana, Jumatatu ya tarehe tisa Januari, Aneth aliamka akasema anatamani krambo. Wakati huo figo zilikuwa zimemmaliza nguvu, tulikuwa tumerudi nyumbani kutoka hospitali, na macho yake hayakuweza tena kusoma. Alikuwa hali kitu zaidi ya uji, tena uji wenyewe lazima niutoe utando wa juu kwanza, maana tangu mdogo hakuupenda. Kwa hiyo niliposikia anatamani chakula sikuuliza mara mbili. Nilitoa daftari, nikasoma mistari yako, nikaenda mashineni nikanunua kilo moja ya chenga.

Nadhani hapo unacheka. Cheka tu. Mimi nimezaliwa kwenye mpunga. Kwangu chenga ni mchele uliovunjika mashineni, tunaupikia uji na mwingine tunawamwagia kuku. Nyingine sikuzijua. Nilimenya maembe matatu, nikakatia na kipande cha nanasi, nikayapanga kwenye sufuria na sukari kidogo, nikamwaga chenga zangu juu kama ulivyoagiza, nikafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko. Herieth wa nyumba ya pili alikuja kuazima kinu, akachungulia, akaniuliza ni lini Wandamba tumeanza kupika pilau ya maembe. Nilimwambia achukue kinu aende zake, hicho ni chakula cha wapishi waliosomea, yeye hawezi kukijua.

Maembe yaliiva. Chenga zilibadilika rangi tu, zikabaki ngumu kama changarawe. Aneth alitia kijiko cha kwanza mdomoni, akatafuna, nami nikasikia kabisa kru, kru. Akaniuliza nimeweka nini humu. Nikamwambia chenga, za mashine, zimepepetwa vizuri. Alicheka, Nassib. Alicheka mpaka ikabidi nimshike mgongo. Akasema mama, leo umenifanya kifaranga. Alikula maembe yote ya chini, na chenga akawa anazitema moja moja na kuzipanga pembeni mwa kisahani, huku akilia pio pio. Ilikuwa imepita wiki ya tano sijasikia kicheko chake.

Alipotulia akaniambia nikupigie simu nikuulize chenga ni nini.

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo sikulijua. Kwamba ndugu yangu Fulgensi alipoikataa posa yako kwa ajili ya dini, ni yeye Aneth aliyekuomba usimpigie tena mpaka akupigie mwenyewe. Akasema sasa anapiga, ila hazioni namba, nimpigie mimi. Nilichukua simu yake nikatoka nayo uani. Niliporudi nikamwambia inaita tu, hupokei. Akasema basi, mikono ina unga. Ukishanawa utaona, utapiga.

Najua umesimama hapo kusoma, unajaribu kukumbuka. Endelea tu.

Tangu siku hiyo kila asubuhi aliniuliza kama simu ina chaji. Nilimjibu imejaa. Ilikuwa imejaa kweli. Alituacha Ijumaa ya tarehe ishirini, saa mbili asubuhi, siku kumi na moja baada ya yale maembe.

Wewe ulipata habari kwa watu, ukaja siku ya tatu baada ya mazishi pamoja na kaka yako, mkakaa kwenye jamvi na wanaume wengine. Wakati wa kuaga ulinifuata pale kwenye pipa la maji ukaniuliza kwa sauti ya chini kama Aneth alikutaja. Nilikujibu hapana, ugonjwa ulikuwa umemchanganya, hakumtaja mtu. Ulinishukuru. Ulisema afadhali, kama hakuwa na mawazo basi hakuteseka sana. Kofia yako ulikuwa umeishika mkononi, na kaka yako akakuambia uivae, jua ni kali.

Nimekaa na jibu hilo karibu mwaka mzima bila taabu kubwa. Nasema kweli. Nilipalilia, nilivuna, nilikwenda jumuiya, nililala vizuri.

Kisha Desemba hii, siku mbili kabla ya Krismasi, Herieth alikuja tupike maandazi pamoja. Yeye hupenda yawe laini, kwa hiyo akanifundisha kusugua siagi ya kopo kwenye unga mkavu kwanza, kabla ya kutia maji. Nilikuwa nasugua kwa ncha za vidole, tukiongea habari za watu, nikatazama ndani ya beseni. Unga haukuwa unga tena, ulikuwa punje punje. Nikamwuliza Herieth hizi zinaitwaje. Akanishangaa, akasema ni chenga chenga, dada, ulitaka ziitweje?

Nilitoa vikombe viwili kabla hajatia maji. Nilisema nina kazi navyo.

Baada ya yeye kwenda nilikata maembe na nanasi, nikakamulia limao, nikatia sukari. Kwenye zile chenga nikaongeza sukari nyingine, mdalasini na chumvi ya kidole, nikazitawanya juu bila kuzishindilia. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Nilikaa kwenye kigoda nikasubiri. Zilipoanza kunukia nilifunua, zilikuwa za rangi ya dhahabu, na juisi ya maembe imechungulia pembeni inachemka. Nilikula sahani moja. Ni chakula chepesi sana kupika, Nassib. Ungeweza kunieleza kwa dakika moja kwenye simu.

Dakika hiyo sikukupa. Sikukupigia. Nilisimama uani, nikalipata jina lako, nikalitazama, kisha nikazima simu nikaifunga kwenye pindo la kanga. Nilitoa nguo kavu kwenye kamba ili muda upite, nikarudi ndani nikamwambia mwanangu kwamba hupokei. Na wewe nilikudanganya pale kwenye pipa. Alikutaja. Alikutaja siku hiyo na siku kumi na moja zilizofuata, kwa njia ya kuuliza chaji.

Watu wakisikia watasema ni dini. Fulgensi ndiye wa dini. Mimi sababu yangu ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Kwa miaka yote mliyojuana, alikuwa akirudi kutoka kukuona akiwa na kicheko ambacho mimi sikuwahi kumpa. Siku ile alinicheka mimi, kwa kosa langu mimi, nikaona kimekuwa changu. Nilijua ukija kitarudi kwako. Nikafikiri nikae nacho siku moja tu, nikupigie kesho. Kesho ikawa na kesho yake, halafu nikaona aibu kupiga, maana ungeuliza kwa nini nimechelewa. Hakuna zaidi ya hilo. Nimetafuta la zaidi sikuliona.

Hukuachwa, Nassib. Ulinyamaza kwa sababu alikuomba unyamaze, naye alipotaka useme, aliyekuziba ni mimi. Hilo ndilo nililotaka ulijue, hata kama utanichukia nalo.

Jumamosi ya tarehe ishirini tunamfanyia misa ya mwaka, na baadaye watu watakula hapa nyumbani. Jana nilimwita Fulgensi nikamweleza haya yote kama nilivyokuandikia. Nilidhani atanitetea. Akasema, dada, mimi nilikataa posa. Sikukataza mtu kumwona mgonjwa. Aliondoka bila kunywa chai. Jioni akarudi, akasimama mlangoni, akauliza kama nitakualika, na ukija utakaa wapi. Nikamwambia mkwe hukaa na wafiwa, kwa hiyo atakaa kwangu. Akasema basi atatafuta jamvi kubwa zaidi.

Kwa hiyo mahali pako papo. Kanisani si lazima. Ukiona huwezi kunitazama, usije, sitauliza, na hakuna atakayekusema. Kaburi lake liko safi, unaweza kwenda siku yoyote unayotaka bila kupitia kwangu. Watu wa pale wanajua ni lipi.

Msalimie mama yako na kaka yako. Waambie nilipokea mkono wao wa pole, nami nilikuwa sistahili kuupokea kwa namna ile.

Na wewe, unapomwombea Aneth dua, ukimaliza jina lake, ukiweza, unikumbuke na mimi.

Ni mimi,
Dorotea, mama yake Aneth